Ukungu wa Mtae na Watu Wanaotoweka Pichani

Kamera imezoeleka kuwa chombo cha haraka. Apigaye picha za arusi, za ubatizo, za maulidi, au za mtoto aliyevaa sare mpya siku ya kwanza ya shule, hufundishwa tangu mwanzo kwamba shata ya kamera ifunguke na kufungwa upesi, ama sivyo picha itatoka na ukungu. Sehemu moja ya 125 ya sekunde ndicho kipimo cha kawaida cha mchana wa jua, na kwa muda huo jicho halipati hata nafasi ya kupepesa. Juma hili tuzungumze juu ya kinyume chake, yaani kuiacha shata wazi kwa sekunde nane, thelathini, sitini, hata dakika mbili, na kulifanya jambo hilo mchana kweupe. Huo ukungu tunaoukimbia katika picha za arusi, safari hii tutaufuata mpaka kwake.

Kwake ni Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya milima ya Usambara Magharibi, katika Wilaya ya Lushoto. Atokaye Dar es Salaam au Tanga huiacha barabara kuu pale Mombo, akapanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi Lushoto mjini, mwendo wa kilomita 33. Kisha huendelea kiasi cha kilomita 60 nyingine, akaupita msitu wa Magamba na mji mdogo wa Lukozi, mpaka mahali ambapo mlima wenyewe unakoma. Nyumba zimejipanga juu ya mgongo mwembamba wa jabali. Huku genge na huku genge. Chini kabisa imetandazwa nyika ya Mkomazi, ng'ambo yake ipo milima ya Upare, na siku mbingu zikitakata huonekana Kilimanjaro kwa mbali. Lipo pia kanisa la Kilutheri, kumbukumbu ya wamisionari wa Kijerumani waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19. Wenye asili ya Mtae walioko mijini wanayajua haya kuliko mimi. Nawaomba wanivumilie, maana wasomaji wengine hawajafika.

Jambo linalompeleka mpiga picha Mtae ni mwenendo wa mawingu. Wakati wa kusi, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huipanda milima ya Usambara, na kadiri inavyopanda hupoa, hata ule unyevu ukageuka wingu. Wingu hilo likifika kwenye kingo za upande wa nyika, hewa yake huanza kushuka. Ikishuka hupata joto, na wingu huyeyuka likiwa bado linateremka. Ndiyo sababu mlimani watu hulima kabichi na karoti, na chini yao nchi ni kavu, ya miiba. Asimamaye ukingoni asubuhi huona maporomoko yasiyo na maji, ukungu unaomwagika kutoka juu ya mgongo wa mlima usifike chini hata siku moja. Kwa macho ni kitu cha kustaajabisha. Kwa kamera ya kawaida aghalabu ni hasara tupu: sehemu moja ya 125 ya sekunde huusimamisha ukungu ukaonekana kama vipande vya pamba chafu vilivyonasa kwenye miti.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu uzuri wa ukungu ule uko katika kwenda kwake, na picha ya haraka hainasi mwendo. Ukiiacha shata wazi kwa muda mrefu, kila kipande cha wingu huacha alama yake mahali pote kilipopita, na alama hizo hulaliana mpaka zikawa mkondo mmoja mlaini kama maziwa yanayomiminwa. Miamba, miti mikubwa na mapaa ya nyumba, maadam havikwenda popote, hubaki vimechongoka vilevile.

Shida ni mwanga. Mchana una mwanga mwingi mno, na shata ikiachwa wazi sekunde moja tu picha huwa nyeupe pe! Hatua ya kwanza ni kuchagua kasi ndogo ya filamu, yaani 100 au chini yake (na wenye kamera za dijiti waiweke namba hiyo hiyo), kisha kulipunguza tundu la lenzi hadi 16. Usilibane zaidi ya hapo kwa tamaa, kwani tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga hutawanyika kandokando yake na picha nzima hupoteza ukali. Hata baada ya kufanya hivyo, katika jua kali utakuwa umefikia ile sehemu moja ya 125 ya sekunde tuliyoanza nayo. Bado hatujatoka nyumbani.

Hapa ndipo kinapohitajika kioo cheusi. Wauza vifaa vya picha wanacho kichujio kisichobadili rangi, kazi yake ni moja tu, kuzuia mwanga. Vichujio hivi hupimwa kwa hatua, na kila hatua huupunguza mwanga kwa nusu. Hatua moja hubakiza nusu, hatua mbili robo, hatua tatu sehemu moja ya nane. Endelea hivyo hadi hatua kumi utapata sehemu moja ya 1,024. Kwa hesabu ya kichwani tuseme elfu moja, haidhuru. Basi kipimo chako cha sehemu moja ya 125 ya sekunde, ukikizidisha mara elfu, kinakuwa sekunde nane. Siku ya mawingu, pale kipimo bila kioo kinapokuwa sehemu moja ya 15, utapata kama sekunde 67, zaidi kidogo ya dakika. Alfajiri ikianza kupambazuka, kipimo kikiwa sehemu moja ya nane, ni sekunde 125. Andika hesabu hizi katika kidaftari kabla ya kusafiri, maana vidole vikiganda kwa baridi ya Juni akili nayo huganda.

Kichujio kizuri ni ghali, na najua mishahara yetu. Lakini fundi wa kuchomea vyuma anacho kioo kinachoweza kufanya kazi hiyohiyo. Kile kioo cha kinyago chake hutolewa kwa namba. Namba 8 huupunguza mwanga kiasi cha mara elfu moja, sawa na kichujio cha hatua kumi. Namba 10 imezidi, huupunguza kama mara 7,000, na sekunde zako nane zitageuka karibu dakika moja. Mtu anayepita Gerezani, Dar es Salaam, hatakosa kukiona madukani. Kifungwe mbele ya lenzi kwa mpira au utepe mweusi, pasibaki ufa wa kupitisha mwanga pembeni. Upungufu wake ni kwamba hupaka picha nzima rangi ya kijani, wakati mwingine ya manjano. Waweza kuirekebisha baadaye kwa kompyuta, lakini dawa rahisi ni kuifanya picha iwe nyeusi na nyeupe, na kwa maoni yangu ukungu wa Mtae haujapata kupoteza kitu kwa kukosa rangi. Onyo moja: kioo hicho cha namba 8 hakifai kutazamia jua, wala usilitazame jua kupitia kamera iliyofungwa kioo chochote. Macho hayana vipuri.

Panga picha yako kwanza, kioo kikiwa hakijafungwa, kwa kuwa kikishafungwa huoni kitu. Lenga, sawazisha umbali, zima kile chombo kinachojilengea chenyewe, kisha ndipo ufunge kioo. Kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu. Pale ukingoni upepo unavuma mchana kutwa, kwa hiyo ning'iniza mfuko wenye mawe chini ya stendi, nayo miguu usiirefushe mpaka mwisho. Shata ifunguliwe kwa waya wake au kwa kile kipima-muda cha kujipigia, maana mkono wenyewe ukibonyeza hutikisa. Kidirisha cha kutazamia kifunikwe kwa kitambaa cheusi, la sivyo mwanga utaingia kwa nyuma; kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne chafaa. Uwe na leso kavu pia, kwani umande hukaa juu ya kioo kimyakimya nawe ukadhani wingu limesimama.

Wanaotumia filamu wana jambo lao la ziada. Filamu huchoka. Ikikaa wazi zaidi ya sekunde moja hivi, huanza kupokea mwanga kwa uvivu, na hesabu zetu za kuzidisha haziitoshi. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe ya Kodak Tri-X, maelekezo ya miaka mingi ya watengenezaji wake yalikuwa kwamba sekunde 10 za hesabu zifanywe 50, na sekunde 100 zifanywe 1,200, yaani dakika 20 nzima! Kamera za dijiti hazina uvivu huo, ila kihisi chake kikifanya kazi muda mrefu hupata joto na kutapanya vidoa vya rangi kama chumvi. Simu nyingi za siku hizi nazo hujaribu kuiga kazi hii: hupiga picha nyingi za haraka mfululizo, kisha huzichanganya ziwe moja. Si vibaya kwa maji ya Soni au kwa mawimbi ya Raskazone, ila nayo simu yataka kusimama imara.

Mpaka hapa nimesema ya ufundi, na mtu akiyafuata atapata picha nzuri ya kutundika ukutani. Sasa atazame tena picha hiyo. Ipo njia inayopita juu ya mgongo wa mlima. Tangu alfajiri wamepita akina mama wenye mizigo ya mboga kwenda gulioni, wamepita wanafunzi, amepita mzee na mbuzi wake. Katika picha njia ni tupu. Hakuna mtu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mama anayepita mbele ya kamera na tenga kichwani huchukua upana wa nusu mita tu. Akienda mita moja kwa sekunde, kila mahali alipopita amepaziba kwa nusu sekunde, basi. Katika picha ya sekunde 60 hiyo ni sehemu moja kati ya 120, na kamera haiwezi kuitambua. Amepita, ameubeba mzigo mzito, wala kivuli chake hakikubaki.

Jambo hili ni la zamani sawa na upigaji picha wenyewe. Picha ya kwanza inayojulikana ya mandhari iliyopigwa kwa kamera, aliyoipiga Mfaransa Nicéphore Niépce kutoka dirishani kwake kama mwaka 1826 au 1827, ilichukua saa nyingi hata jua likaonekana limeangaza kuta za mashariki na za magharibi kwa pamoja. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga picha barabara moja ya Paris, Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya pilikapilika, yenye magari ya farasi na wapita njia wengi, lakini picha yake iliyokaa wazi kwa dakika kadhaa inaonyesha mji uliohamwa. Kwenye kona moja tu amesalia mtu aliyesimama, mguu mmoja ameuinua, na mtu mwingine ameinama miguuni pake akimsafishia viatu. Hao ndio husemwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Matajiri wote waliokuwa ndani ya magari wametoweka. Amebaki msafisha viatu na mteja wake, kwa kuwa kazi yao iliwataka watulie.

Nalitaja hili kwa sababu ya kalenda. Kila mwaka tunapokea kalenda zenye picha za nchi yetu, na nyingi ni za milima mitupu, pwani tupu, nyika tupu. Mgeni akizitazama atadhani nchi hii ilikuwa inamngoja yeye aje aione. Hiyo nyika ya Mkomazi inayoonekana kutoka Mtae ni mfano. Pori la akiba lilianzishwa hapo mwaka 1951. Wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe wao humo waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2008 ikawa Hifadhi ya Taifa. Yanayohusu hifadhi yana mahali pake pa kujadiliwa, wala si ukurasa huu wa familia. Lakini apigaye picha ya nyika ile kwa dakika mbili, kisha akaandika chini yake kwamba ni nchi ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, amesema jambo ambalo kamera haikumwambia. Kamera ilimwambia tu kwamba kwa dakika mbili hapakuwa na aliyesimama tuli.

Na kwetu sisi wa mijini jambo hili linagusa karibu zaidi. Wangapi wana picha ya kwao sebuleni, Kinondoni au Ngamiani, ili watoto waliozaliwa mjini wajue wametoka wapi? Mtoto huisogelea picha, akautazama mlima, akayatazama mapaa, kisha akauliza: "Baba, bibi yuko wapi?" Ni swali ambalo ukungu mzuri kiasi gani hauwezi kulijibu.

Dawa ipo, na hao wawili wa Paris wametuonyesha. Atakayetulia atabaki. Basi mwombe bibi au babu akae ndani ya picha. Nimesema mwombe: nenda kwanza umsalimie, "Shikamoo, bibi," ungoje marahaba yake, umjulie hali, umweleze unataka kufanya nini na picha itakwenda wapi, na akikataa, basi. Akikubali, mketishe juu ya jiwe au kigoda mahali alipozoea kukaa, mgongo upate pa kuegemea. Mtu mzima aliyeketi vizuri anaweza kutulia kwa sekunde nane bila taabu, akiwa ametoa pumzi kidogo kwanza na kukazia macho kitu kimoja cha mbali. Sekunde sitini ni adhabu. Katika karne ya 19 wapiga picha wa studio waliweka koleo la chuma nyuma ya shingo ya mteja ili kichwa kisitikisike, na ndiyo sababu mojawapo nyuso za picha za kale zimenuna kama za watu waliofiwa. Hatuna haja ya kurudi huko.

Sekunde nane zatosha kwa ukungu? Zatosha, ikiwa ukungu uko karibu. Ule unaopita uani kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, mita mbili kwa sekunde, utakuwa umesafiri mita 16 kabla ya shata kufungwa, na pichani utaonekana ukimzunguka bibi kama mto unavyolizunguka jiwe. Mawingu ya mbali, yale yaliyo juu ya Upare, ndiyo yanayotaka dakika moja au mbili. Kwa hiyo anayetaka mtu pichani atafute ukungu wa karibu, asubuhi, na aweke bibi mbele yake. Vidole vya bibi vitacheza kidogo, ncha ya kanga itapepea ikawa kama moshi, na mimi sioni kama hayo ni makosa. Macho yakipepesa mara moja au mbili hayaonekani kabisa.

Watoto usiwaombe watulie, utawaonea bure. Wao wapige kwa njia ya kawaida, sehemu moja ya 125 ya sekunde au upesi zaidi, wakiwa wanakimbia. Vivyo hivyo akina mama wa gulioni. Baada ya picha ya ukungu, kifungue kioo cheusi, stendi usiiondoe mahali pake, ungoje wapitaji, uwaombe ruhusa, kisha upige njia ileile ikiwa na watu wake na mizigo yao. Hizo mbili zikitundikwa sebuleni bega kwa bega, mtoto atapata mlima katika moja na jamaa zake katika nyingine, na ataanza mwenyewe kuuliza kwa nini moja ina watu na nyingine haina.

Ukirudi mjini, safisha nakala mbili za picha ya bibi, kwa karatasi. Simu hupotea, na simu ya bibi yawezekana haina kioo cha kuonyesha picha. Nakala moja ibaki kwako. Ya pili ifungwe kati ya vipande viwili vya boksi isikunjike, impitie jamaa anayepanda Lushoto, ifike Mtae kabla ya mwezi kwisha. Nyuma ya zote mbili andika kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya: jina la aliyeketi, jina la mahali, tarehe, saa, na idadi ya sekunde alizotulia.